Kanga za Milangoni

Wakubwa hawahami. Wao huhamisha. Hilo Zahor alilijua tangu ujanani, na sasa akiwa na miaka sitini na minane lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Alikuwa ameshahama mara tisa, na karibu zote ndani ya mji huu huu ambao mtu akipiga chafya mtaa wa Malindi, aliyepo mtaa wa Vuga humwombea rehema. Mara ya kwanza dari ya nyumba iliamua kuwa sakafu. Mara ya pili mwenye nyumba alifariki na warithi wakauza kabla ya arubaini. Mara ya tatu waliambiwa wapishe mtaro, wakapisha, na mtaro wenyewe mpaka leo haujapita. Hizo nyengine alikuwa hazisimulii, maana kila akizisimulia chakula humshinda.

Kazi yake ilikuwa fundi kufuli. Ana meza yake ndogo karibu na Darajani, na wenzake wa hapo kijiweni walikuwa wakimtania: "Zahor, funguo za mji mzima zinapita mkononi mwako, na mlango wako mwenyewe huna." Zamani alikuwa akicheka nao. Tangu Shemsa alipofariki alikuwa hacheki, akiendelea kusugua tupa tu.

Shemsa alikuwa mkewe kwa miaka arubaini na moja, na yeye ndiye aliyeijua kazi ya kuhama. Wengine huhama wakilia, au wakigombana na mahamali barabarani. Shemsa alihama kama mtu anayepakua chakula. Mara nne za mwanzo walipata tabu kama watu wote: vijana wa gari la hamali, wale wanaosukuma magari ya magurudumu mawili vichochoroni, walikuwa wakishusha popote mkono unapochoka. Masufuria yalilala chumbani, godoro likakutwa jikoni, kioo cha mamaake Zahor kilikanyagwa kwa sababu kiliegemezwa chooni. Kumwambia hamali "hiki cha chumba cha nyuma" ni kazi bure. Mtu yumo ndani ya jasho, nyumba haijui, nyuma ni wapi na mbele ni wapi.

Kabla ya mara ya tano Shemsa alikaa chini na doti zake nne. Doti moja ni kanga mbili zilizofanana kila kitu. Alichukua kanga moja ya kila doti akaichana vitambaa vyembamba, na nyengine akaiacha nzima. Zahor aliingia akamkuta ameshika kisutu, kanga nyekundu na nyeusi aliyojifunika siku ya harusi yao.

"Kisutu cha harusi unakichana?"

"Harusi ishapita," alisema Shemsa, na meno yake yalikuwa kwenye pindo. "Kuhama hakujapita."

Siku ya kuhama kila kitu cha chumba cha kulala kilifungwa kitambaa cha kisutu: mguu wa kitanda, mpini wa sanduku, shingo ya feni. Vya ukumbini vilifungwa kitambaa cha buluu, vya jikoni cha manjano, vya chumba cha binti yao Hind cha kijani. Kisha Shemsa akatangulia kwenye nyumba mpya, na pakacha lenye Msahafu, chumvi na chetezo, kama desturi ilivyo kwamba vitu hivyo viingie mwanzo kabla ya mguu wa mtu mwengine, na ndani ya pakacha hilo hilo akatia zile kanga nzima nne. Akafukiza, akasoma alichosoma, akatundika kila kanga juu ya mlango wa chumba chake. Mahamali walipofika hawakuuliza neno. Waliangalia kitambaa, wakaangalia mlango, wakaingia. Kabla ya alasiri chai ilikuwa imechemka na kila kijiko kimo kwenye ndoo yake.

"Bi Shemsa," alisema siku ile Muhiddin, mkubwa wa mahamali, "wewe ungekuwa bandarini, meli zisingelala nje."

"Bandarini wana mkubwa wao," alisema Shemsa. "Ndiyo maana zinalala nje."

Hivyo ndivyo walivyohama mara ya tano mpaka ya tisa. Vitambaa vilikaa ndani ya kikapu chini ya samadari, kitanda chao kikubwa cha nguzo nne, vikisubiri amri nyengine ya wakubwa. Zile kanga nzima Shemsa alikuwa akijitanda nazo nyumbani siku za kawaida.

Alipougua hakuwa na mengi ya kuusia. Alikuwa hana mali. Siku moja alimwita Zahor, akamwambia, "Watakuhamisha tena."

"Wacha maneno hayo."

"Watakuhamisha. Nakuomba moja. Usiniachie nyumba yangu ikatawanyika. Ukihama, hama nayo yote, na siku ile ile kila kitu kiwe chumbani mwake."

"Ntahama nayo," alisema Zahor.

Katika maisha yake alikuwa ameahidiwa mambo mengi na watu wenye mihuri. Yeye mwenyewe aliahidi hilo moja.

*

Barua ya kumi ililetwa Jumatatu na kijana wa ofisi ya nyumba anayeitwa Azzan, nadhifu, na faili kifuani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hakufa mtu, ami. Nyumba hii ina ufa."

"Ufa huo nliukuta. Nilipokuja kuuripoti mliniambia ni wa plasta."

"Sasa wataalamu wamesema si wa plasta."

Zahor aliishia darasa la tano. Barua aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa kama kufuli lenye kutu. Azzan alisubiri, akitazama ule ufa kwa adabu.

"Na hapa mnanipeleka wapi?"

"Ng'ambo, ami, upande wa pili wa Darajani, kwenye jengo la ghorofa. Vyumba vitatu na jiko, imeandikwa hapo chini. Ni kwa muda tu. Nyumba ikishatengenezwa mtarejeshwa."

"Nani na nani?"

Azzan aliangalia viatu vyake. "Utarejeshwa," alisema.

Zahor alikitia kidole chake kwenye mstari ule. Vyumba vitatu na jiko. Hiyo ni milango minne, sawasawa na vitambaa vya Shemsa. Alipoondoka yule kijana, Zahor alipiga magoti akakivuta kikapu uvunguni. Vitambaa vilikuwamo vyote, vimekunjwa rangi kwa rangi. Akaenda kabatini kutafuta zile kanga nzima, na alipofungua ndipo alipokumbuka.

Alikuwa amezitoa. Siku ya tatu ya msiba wanawake walimwuliza nguo za marehemu zifanywe nini, naye, macho yamemvimba, alisema watoe zote sadaka, asione hata uzi. Zikagawiwa kama ada. Vitambaa vya kikapuni havikuguswa, maana hakuna anayetoa matambara sadaka. Kwa hiyo alibaki na nusu ya rangi nne, na nusu za milangoni zilikuwa zinatembea mjini juu ya vichwa vya watu.

Mtu mwengine angenunua kitambaa chochote akakata. Zahor hilo lilimjia, akalikataa. Alikuwa ameahidi kuhama na nyumba yote, na kanga zile zilikuwa nyumba. Ndipo alipofanya jambo ambalo hata mtoto wa chuoni, anayeanza Kurani, anajua halifanywi: alitoka kwenda kuiomba sadaka irudi.

Alianza na Bi Radhiya, jirani wa nyumba ya chini yake kichochoroni, mjane mwenye ulimi. Alimkuta barazani kwake anachambua mchele, na ile buluu iko mabegani. Zahor alisahau salamu.

"Umesimama kama mdai," alisema Bi Radhiya. "Kaa au sema."

"Bi Radhiya, hiyo kanga."

"Ina nini?"

"Nilikuwa naiomba."

Mkono wa Bi Radhiya ulisimama juu ya ungo. "Zahor. Umeitoa sadaka kwa ajili ya mkeo."

"Najua."

"Na unajua anayeirudia sadaka yake kafananishwa na nani."

"Na mbwa aliyerudia matapishi yake. Najua, Bi Radhiya, nimesoma chuoni kama wewe."

"Basi mbona unabweka mlangoni kwangu?"

Akamweleza: barua, vyumba vitatu na jiko, vitambaa, ahadi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma mara kwa mara. Bi Radhiya alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake haukulainika hata kidogo.

"Kuazima si kurudia," alisema. "Nakuazima. Si yako, ni yangu. Alkhamisi ya wiki ijayo nnakwenda maulidini na hiyo hiyo, ukinichelewesha ntakuja kuivua mlangoni kwako mbele za watu." Akaivua, akaikunja, akampa. "Na hao wenye mihuri, usiwaamini vyumba vitatu."

"Imeandikwa."

"Hata mimi niliandikiwa."

Kisutu kilikuwa kwa Bi Sichana, mwosha maiti, ambaye ndiye aliyemwosha Shemsa. Zahor alikwenda kwake Kikwajuni. Mama yule mnene alimkaribisha kahawa, akamsikiliza, akashusha pumzi.

"Hakikai kabatini, mwanangu. Nakisetiria maiti wakati wa kuosha. Wanawake kumi na mmoja wamepita chini yake tangu yeye."

Zahor aliinamisha kichwa. Kahawa ilipoa mkononi.

"Kimefuliwa?" aliuliza mwisho.

"Kila mara, kwa maji ya moto."

"Basi niazime."

"Ukitundike mlango wa chumba cha kulala?"

"Ndipo pahala pake."

Bi Sichana hakubisha. Alikitoa ndani ya mfuko wa kazi yake, pamoja na harufu ya kafuri.

Ile ya manjano alikuwa amepewa Duni, anayepika urojo karibu na njia panda. Duni alicheka mpaka akaweka upawa chini. Alikuwa ameikata vipande vya kushikia sufuria; vitatu vilikuwa vimeshaungua, cha nne kilikuwa mkononi mwake. "Chukua, Baba Hind. Marehemu alikuwa mtu wa jikoni, hakitamchukiza." Kilinuka ukwaju na masizi.

Ya kijani ilikuwa Chwaka, pwani, kwa Hind mwenyewe, alikoolewa. Zahor alimpigia simu. Hind akasema kanga ipo lakini ameichosha, anajifunga nayo akiingia baharini kwenye mwani, chumvi imeila rangi. "Baba, kwani kwa nini usije ukakaa na sisi tu?"

"Na vitu vya mamaako nivitie wapi?"

Kesho yake kanga ilimfikia kwa mkono wa mtu, nyeupe kuliko kijani.

*

Siku ya kuhama Muhiddin alikuja na magari mawili na vijana wanne. Alipokiona kikapu alitabasamu.

"Vitambaa vya Bi Shemsa. Basi leo tunakula mapema."

Zahor alifunga mwenyewe, kitu kimoja kimoja, kuanzia alfajiri. Samadari ilivuliwa nguzo zake, na kila nguzo ikapata kisutu. Alipomaliza alitia Msahafu, chumvi na chetezo ndani ya pakacha, juu yake zile kanga tatu na kipande cha Duni, akawaambia, "Mimi natangulia. Msiguse mlango usio na rangi yake."

"Sisi tena?" alisema Muhiddin.

Alivuka Darajani kwa miguu, akaingia Ng'ambo, akapita mafundi baiskeli na wauza mitumba. Jengo lilikuwa kubwa, limechakaa, na ngazi zake zilinuka maji yaliyolala. Ghorofa ya tatu. Alipiga bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akatia ufunguo aliopewa.

Kilikuwa chumba kimoja.

Alisimama na pakacha mkononi. Kulikuwa na dirisha, karo ndogo ya kuoshea vyombo pembeni, na ukuta mpya wa matofali mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya kwenda ndani. Saruji yake ilikuwa bado mbichi. Nyuma ya ukuta alisikia redio, na mwanamke anamwambia mtu asikanyage alipodeki.

Alitoka nje ya chumba, akagonga mlango wa jirani. Alifungua bwana mmoja wa makamo, singleti nyeupe.

"Samahani, bwana. Hivi vyumba vya ndani ni vyangu."

"Vyako wewe nani?"

Zahor akamwonyesha barua. Yule bwana aliisoma haraka, akairudisha kwa vidole viwili.

"Mzee wangu, sisi tumepewa wiki iliyopita. Na sisi tuna barua." Akasita. "Muhuri ule ule."

Zahor alimpigia Azzan. Simu iliita, ikakatika, ikaita tena.

"Naam, ami."

"Nipo hapa. Pana mlango mmoja."

"Ah. Kumetokea mabadiliko kidogo, ami. Mkubwa ameona mtu mmoja hana haja ya vyumba vitatu. Si wewe mwenyewe uliniambia uko peke yako?"

Zahor akalikumbuka lile swali lake la nani na nani. Ni kweli alimwambia. Alikuwa amelisema kwa machungu, na wao wakaliandika.

"Azzan, mzigo uko njiani. Nyumba nzima iko njiani."

"Stahamili, ami. Ni kwa muda tu."

Aliporudi chumbani alisikia chini, mbali kidogo, sauti ya Muhiddin ikiwafukuza watu njiani: "Habedari! Habedari, mzigo!" Magari yalikuwa yanaingia uwanjani. Kwa miaka yote, sauti ile ilipofika Shemsa alikuwa ameshamaliza kutundika na amekaa anajipepea na kipepeo chake, anawasubiri.

Zahor aliwasha chetezo, akaweka Msahafu dirishani na chumvi kando yake. Kisha akatoa kanga. Buluu. Kijani iliyokufa. Kipande cha manjano. Kisutu chenye kafuri. Alizishika zote, akautazama ule mlango, na alijua kwamba akichagua moja tu anazifukuza nyengine tatu. Hakuweza kuchagua. Alipanda juu ya ndoo akazitundika zote nne juu ya mlango ule ule, moja juu ya mwenzake, msumari mmoja.

Muhiddin alitokea ngazini na mguu wa samadari begani. Akatazama.

"Mzee, hapa ni nyumba au duka la nguo?"

Vijana walicheka. Zahor aliteremka kwenye ndoo, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Milango myengine iko wapi?" aliuliza Muhiddin kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hiyo."

"Yote?"

"Ingiza tu."

Wakaingiza. Kitambaa cha buluu kiliingia, cha manjano kikaingia, cha kijani kikaingia, vyote mlango mmoja, kila kijana akitazama juu kwa mazowea na kuona kwamba ndio, rangi yake ipo. Kochi lilisimamishwa wima. Kabati la vyombo likaegemea kitanda cha Hind. Masufuria yalikaa juu ya godoro, na godoro juu ya meza ya chakula, na ilipofika adhuhuri ilikuwa kama mara ya kwanza kabisa, kabla Shemsa hajakaa chini na doti zake, isipokuwa sasa hapakuwa na chumba chengine cha kukosea.

Samadari haikuingia. Waliijaribu kwa ubavu, wakaijaribu kwa nguzo moja moja. Nguzo zilikuwa ndefu kuliko dari. Bwana wa singleti alikuja kuwasaidia kwa wema, akaondoka akitikisa kichwa. Ubao wa kichwani, wenye vioo na maua ya kuchora, uliachwa ngazini, na watu waliokuwa wakipanda na sufuria za maji waliupita kwa kujibana.

"Hii tuirudishe wapi?" aliuliza Muhiddin.

Swali hilo ndilo Shemsa alilolifuta katika maisha yao. Zahor alikaa juu ya ngazi. Akachukua simu akampigia Hind.

"Mwambie mumeo alete gari," alisema. "Kitanda cha mamaako kinakuja Chwaka."

"Na wewe, baba?"

"Mimi nimeandikiwa hapa."

Kijana mmoja alikuwa anavifungua vitambaa na kuvirudisha kikapuni, rangi kwa rangi, kama alivyofundishwa na Shemsa zamani alipokuwa bado mwembamba. Alimletea Zahor kikapu. Zahor alikisukuma kwa mguu.

"Kichukueni."

"Mzee," alisema Muhiddin, "utakihitaji."

"Mimi nilikuwa na nyumba ya kuhamisha. Nimeshaimaliza. Kichukue, Muhiddin, kabla sijakichoma."

Muhiddin alikichukua, akakitia kwapani, akawaita vijana wake wateremke.

*

Alililaza kochi, akalala juu yake, miguu nje. Kila akitaka kikombe ilimbidi ahamishe kiti, na akihamisha kiti huanguka kitu cha kijani, cha chumba cha Hind. Siku ya tatu Hind alipiga simu. Kitanda kimefika salama, alisema. Kisha akasema dari yao nayo ni fupi, kwa hiyo mumewe amezipunguza nguzo. Kidogo tu. Kwa msumeno.

"Vizuri," alisema Zahor.

Kisutu alikirudisha kwa Bi Sichana, na alimkuta anatoka, ameitwa kwenye msiba. Alikipokea pale pale njiani, akakitia kwenye mfuko wake. Buluu aliibakiza mpaka Alkhamisi, siku ya maulidi ya Bi Radhiya. Aliifua mwenyewe, akaianika dirishani, akaikunja, akavuka kurudi mjini.

Alipofika kichochoro chake cha zamani alikuta kimezibwa. Magari mawili ya hamali yalikuwa yamesimama mbele ya ile nyumba yenye ufa, na juu ya moja kulikuwa na birika kubwa la kuogea, jeupe, zito kama kaburi la mfalme. Vijana wanne walikuwa wameliinamia.

"Habedari, mzee," alisema mmoja, kisha akamtambua akampisha.

Muhiddin alitokea mlangoni akifuta shingo. Alipomwona Zahor alisita.

"Karibu, Mzee Zahor."

"Nyumba imeshatengenezwa?"

"Bado. Mwenyewe kasema vitu viingie kwanza."

"Mwenyewe nani?"

"Simjui. Nimepigiwa simu. Wanasema wageni watakuwa wanalala hapa." Aliangalia pembeni. "Kazi ni kazi."

"Nyumba ilikuwa haibebi kitanda changu," alisema Zahor. "Hilo birika itabeba?"

Muhiddin alifuta tena shingo. Zahor alipita kando yake akaingia mpaka ukumbini, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeizowea njia hiyo na hakuna aliyeizuia. Ufa ulikuwa pale pale, umepakwa chokaa. Mlangoni kwa chumba cha kulala palikuwa pamefungwa kitambaa cha kisutu. Kwenye mlango wa jiko palikuwa na cha manjano. Akageuka: buluu ukumbini, kijani kwa Hind. Masanduku yaliyokwisha kuingia yalikuwa na vitambaa vile vile, na kila moja lilikuwa limetua penye rangi yake, hakuna lililoegemezwa ovyo.

"Vijana washazizowea rangi," alisema Muhiddin nyuma yake, kama anayeomba radhi. "Wale wengine walioletwa jana na tajiri walivunja kioo na masinki mawili. Sisi hatujavunja kitu. Nikamwambia, hii ni akili ya marehemu mmoja. Kafurahi sana. Anataka tumfanyie na nyumba nyengine."

Wale vijana walikuwa wameshafika na birika ukumbini, mishipa ya shingo imewatoka. Mmoja wao hakuwa akiijua nyumba. Kitambaa kilichofungwa kwenye bomba la birika kilikuwa kimegeukia chini, hakionekani.

"Hii wapi?" aliguna. "Hii wapi, jamani, inaniponyoka."

Muhiddin alikuwa anakitafuta kitambaa. Zahor alikuwa ameshakiona.

"Kisutu," alisema. "Mlango wa kushoto. Inameni, kizingiti ni kifupi."

Wakainama, wakapita. Halikugusa hata ukuta.

Zahor alitoka nje. Kwenye komeo la mlango mkubwa palikuwa na kufuli jipya linaning'inia, la bei rahisi, ambalo angeweza kulifungua kwa msumari kabla ya mtu kumaliza kusema bismillahi. Alilishika, akalipima uzito, akaliacha lining'inie.

Aliteremka hatua tatu mpaka kwa Bi Radhiya.

"Hodi."

"Karibu. Nilikuwa navaa viatu nikufuate." Bi Radhiya aliifungua kanga, akaiangalia pindo zake zote mbili, akajitanda. Kisha akamwangalia na yeye. "Ushahamia?"

"Nshahamia."

"Vyumba vitatu?"

Juu yao, ndani ya ile nyumba yenye ufa, kitu kizito kilitua sakafuni taratibu, na sauti ya Muhiddin ikasema pahala pake hapo hapo.

"Vyote vimo," alisema Zahor.